Kila usajili una vipimo, mtoto wa Buzebazeba naye apimwe moyo

KIPINDI cha usajili shabiki wa soka hana usingizi. Asubuhi yuko kwenye simu, usiku yuko kwenye simu, anataka kujua nani kashuka uwanja wa ndege na nani kakabidhiwa jezi. Lakini hata awe straika wa mabao 20 kwa msimu, klabu inayojielewa haimtangazi mpaka jambo moja lipite: vipimo vya afya. Daktari asikilize moyo, aangalie magoti, achukue damu. Akifeli hapo, mkataba unarudi kabatini na pesa inabaki benki.

Hakuna shabiki anayelalamika. Wote tunaelewa kwamba huwezi kumwaga mamilioni kwa mtu ambaye hujui moyo wake unadunda vipi.

Sasa twende mpaka Buzebazeba, kata ya Manispaa ya Kigoma Ujiji, huku mwisho wa reli. Chukulia mtoto kazaliwa alfajiri. Ana kilo tatu, analia vizuri, ziwa kalishika. Kesho yake mama anapewa kadi ya kliniki, anakusanya kanga zake, bodaboda inamsubiri getini. Huyo naye ni usajili mpya. Familia imempa mkataba wa maisha, na bibi yake kashaanza kumtafutia jina la utani.

Nani kampima moyo?

Swali hilo linafaa kuulizwa kwenye kurasa za michezo, kwa sababu kipimo chenyewe si cha gharama za kutisha, na njia mojawapo ya kukilipia ni ya kimichezo kabisa: familia kupanda baiskeli.

KANU ALIKUWA NA KLABU

Wanaokumbuka soka la miaka ya tisini wanamjua Nwankwo Kanu. Mwaka 1996 alikuwa nahodha wa Nigeria iliyobeba dhahabu ya Olimpiki kule Atlanta. Alitoka pale akiwa mchezaji wa Inter Milan, waliomchukua kutoka Ajax. Inter wakafanya kile ambacho klabu hufanya: wakampima. Madaktari wakakuta valvu ya moyo wake ina kasoro.

Novemba mwaka huohuo akafanyiwa upasuaji Marekani. Wengi walidhani ndiyo basi tena. Oktoba 1999, akiwa Arsenal, timu yake ikiwa nyuma 2-0 nyumbani kwa Chelsea, aliwapiga mabao matatu peke yake na mechi ikaisha 3-2. Mwaka 2000 alianzisha Kanu Heart Foundation, taasisi inayosaidia watoto wa Afrika wenye matatizo ya moyo wapate upasuaji.

Kanu aliwahiwa kwa sababu alikuwa mali ya klabu tajiri, na klabu tajiri hainunui kitu bila kukikagua. Kasoro yake ilionekana akiwa kashabeba dhahabu ya Olimpiki. Mtoto wa fundi seremala wa Buzebazeba hana Inter ya kumkagua. Klabu yake ni baba, mama, nesi wa zamu na majirani.

Mioyo mingine ya wanasoka tumeiona ikigoma hadharani. Machi 17, 2012, Fabrice Muamba wa Bolton, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka uwanjani dhidi ya Tottenham na moyo wake ukasimama kwa dakika 78 kabla ya kurudi. Juni 12, 2021, Christian Eriksen alianguka Copenhagen kwenye mechi ya Denmark na Finland. Juni 26, 2003, Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka Lyon na hakuamka tena.

Hapa tusichanganye mafaili. Matatizo yaliyowaangusha wachezaji hao siyo lazima yawe yale ambayo kipimo cha mtoto mchanga kinayakamata. Kipimo tunachozungumzia kinawinda kasoro kubwa za kuzaliwa nazo, zile zinazomfanya mtoto akose oksijeni ya kutosha kwenye damu. Ila somo la uwanjani ni lilelile: moyo unaweza kuficha tatizo, mwenye nao akaonekana mzima kabisa, mpaka dakika unapogoma.

KIDUDE CHA MGUUNI

Wakati wa korona wengi tulikiona kile kidude kinachobanwa kidoleni, kinatoa mwanga mwekundu kisha kinaandika namba. Wataalamu wanakiita oksimita. Kinatazama damu kupitia kwenye ngozi na kusema ni asilimia ngapi imebeba oksijeni. Hakina sindano na hakimwagi damu.

Kwa mtoto mchanga kinatumika cha aina yake. Hiki cha kubana kidole cha mtu mzima, kinachouzwa duka la dawa, hakifai, kwa sababu mguu wa kichanga ni mdogo na hautulii. Kinatakiwa kifaa chenye sensa laini inayozungushwa kiganjani au kwenye unyayo kama bandeji.

Utaratibu ni mwepesi kuuelewa. Mtoto akishafikisha kama saa 24 tangu azaliwe, nesi anapima sehemu mbili: mkono wa kulia na mguu mmoja. Kwa kanuni iliyotumika miaka mingi Marekani, ikisoma 95 kwenda juu na tofauti ya mkono na mguu haizidi 3, mtoto kapita. Ikisoma chini ya 90, daktari anaitwa hapohapo. Ikiangukia katikati, wanasubiri saa moja wanarudia. Kazi nzima ni ya dakika chache, haifiki hata muda wa mapumziko ya mechi.

Hospitali nyingi kubwa zina oksimita tayari, kwa ajili ya chumba cha upasuaji na wagonjwa mahututi. Tofauti iko kwenye nani anapimwa. Mtoto anayeonekana kuumwa atapimwa tu. Uchunguzi huu unamlenga yule anayeonekana mzima, anayenyonya na kulala, ambaye kesho anaruhusiwa kwenda nyumbani.

MCHEPUKO UNAOFUNGWA

Kwa nini mtoto mwenye moyo mbovu aonekane mzima? Hapa fundi wa barabara anaweza kukuelewesha vizuri kuliko kitabu.

Mtoto akiwa tumboni hapumui hewa, mapafu yake yako likizo. Oksijeni anaipata kwa mama. Kwa hiyo damu nyingi haina haja ya kupita kwenye mapafu, na Mungu kaweka barabara ya mchepuko: mshipa mfupi unaounganisha mshipa unaokwenda mapafuni na ule mkubwa unaopeleka damu mwilini. Mtoto akizaliwa na kuvuta pumzi, mapafu yanaanza kazi, na mchepuko unaanza kujifunga wenyewe ndani ya siku chache za mwanzo.

Kwa mtoto wa kawaida hilo ni jambo jema. Lakini yupo mtoto ambaye barabara kuu zake zina kasoro: mshipa mmoja umeziba, au mishipa miwili mikubwa imechomekwa kinyume, au upande mmoja wa moyo haukukua. Huyo anaishi kwa mchepuko. Siku ya kwanza uko wazi, anapendeza. Siku ya tatu au wiki ya pili unafungwa, na hana barabara nyingine.

Wakati huo yuko nyumbani. Analegea, anapumua haraka, ananyonya kidogo anaacha, midomo inabadilika rangi. Mtaani kila mtu ana neno lake. Mmoja anasema degedege, mwingine anasema mtoto kaangaliwa vibaya, shangazi anashauri dawa ya mitishamba. Masaa yanakwenda. Hakuna mwenye nia mbaya, ila wanapambana na kitu wasichokijua.

Ndiyo maana mkono wa kulia na mguu vinapimwa pamoja. Mkono wa kulia hupata damu inayotoka kabla ya mchepuko, mguu hupata iliyopita baada yake. Namba mbili zikipishana, kuna jambo linatokea katikati.

Je, inasaidia kweli? Marekani waliuweka uchunguzi huu kwenye orodha ya vipimo vinavyopendekezwa kwa kila mtoto mchanga mwaka 2011, kisha majimbo yakaanza kuulazimisha kisheria. Utafiti uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba kwenye majimbo yaliyoulazimisha, vifo vya watoto wachanga vitokanavyo na kasoro kubwa za moyo vilipungua kwa asilimia 33. Kwa lugha yetu, kati ya mabao matatu yaliyokuwa yanaingia, kipa kadaka moja.

KIKOSI CHA WATOTO TISA

Tufanye hesabu ya kijiweni, lakini kwa namba za kweli. Duniani kote, karibu mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na kasoro ya moyo ya aina fulani. Nyingi ni ndogo, nyingine hupona zenyewe. Kama robo ya hizo ni kubwa, zile zinazohitaji tiba ndani ya mwaka wa kwanza.

Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Ukipiga kwa hesabu hiyo unapata kama watoto 20,000 wenye kasoro ya moyo, na kama 5,000 wenye kasoro kubwa. Kila mwaka.

Sasa chukua wodi moja ya wazazi inayozalisha watoto 10 kwa siku. Kwa mwaka ni watoto 3,650. Kwa uwiano uleule, 36 watakuwa na kasoro, na tisa kati yao ni wale wa hatari. Watoto tisa wodi moja, mwaka mmoja. Wakosekane wawili tu, kikosi kinatimia. Kipimo hakitawaona wote tisa, lakini bila kipimo hakuna hata mmoja utakayemuona kwa macho akiwa bado anapendeza.

Na kifaa ni bei gani? Lifebox, shirika lililoanzishwa 2011 kusambaza oksimita kwenye hospitali za nchi zenye kipato kidogo, lilianza na kifaa imara cha kama dola 250 za Marekani. Kwa hesabu ya dola moja kwa Sh2,500, hiyo ni Sh625,000. Vipo vya bei ya juu zaidi, na sensa za watoto wachanga huchakaa na kununuliwa tena. Lakini tunazungumzia pesa ambayo kijiwe kimoja cha mashabiki kinaichanga kwa safari moja ya ugenini, basi na chakula.

PEDALI ZIMESHAWAHI KUSAIDIA

Kuchangisha kwa jasho siyo kitu kigeni kwetu. Mwaka 2020 Benki ya CRDB ilianzisha mbio zake za hisani Dar es Salaam, na msimu wa kwanza shabaha ilikuwa watoto wenye matatizo ya moyo: Sh200 milioni kwa ajili ya upasuaji wa watoto 100 katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, JKCI. Baadaye baiskeli nazo zikaingia kwenye ratiba ya mbio hizo.

Kabla ya hapo, tangu 2002, ipo Kili Challenge ya mgodi wa Geita na Tume ya Kudhibiti Ukimwi, ambapo wengine hupanda Mlima Kilimanjaro kwa miguu na wengine huuzunguka kwa baiskeli, pesa zikienda kwenye mapambano dhidi ya VVU. Upo pia msafara wa Twende Butiama, wanaopiga pedali kutoka Dar es Salaam mpaka nyumbani kwa Mwalimu Nyerere. Nairobi wana Mater Heart Run, ambapo baba, mama na watoto wao hutoka barabarani kuchangia upasuaji wa moyo kwa watoto wa familia zisizo na uwezo.

Uingereza lipo shirika la hisani la Tiny Tickers, linalonunua oksimita na kuzipeleka kwenye wodi za wazazi. Wachangiaji wake wengi ni familia zilizowahi kupata mtoto mwenye kasoro ya moyo. Wengine hukimbia, wengine hupanda baiskeli, ilimradi mtoto wa jirani apate kipimo ambacho pengine wa kwao alikikosa.

Mbio nyingi za kwetu zimekusanya pesa za upasuaji, na ni jambo kubwa. Lakini upasuaji ni dakika ya 90. Huwezi kumfanyia upasuaji mtoto ambaye hakuna aliyejua kwamba anaumwa. Kipimo ni dakika ya kwanza, na hapo ndipo msafara wa familia wa mtaa mmoja una nafasi, kwa sababu upasuaji unahitaji taasisi ila oksimita inahitaji mtaa ulioamua.

KIGOMA INA KILA KITU

Ukitaka kujua Kigoma inaweza kujaa barabarani, rudi Julai 25, 2021. Fainali ya Kombe la Shirikisho ilichezwa Uwanja wa Lake Tanganyika, Simba na Yanga. Watu walikuja kwa basi, kwa treni, na mji ukajaa rangi mbili. Mukoko Tonombe akalimwa nyekundu kipindi cha kwanza, Taddeo Lwanga akafunga kwa kichwa, Simba wakabeba kombe kwa 1-0.

Mwaka 2023 Mashujaa wakapanda Ligi Kuu baada ya kuwatoa Mbeya City kwenye mchujo, na Aprili 2024 wakaitoa Simba palepale Lake Tanganyika kwa penalti kwenye Kombe la Shirikisho. Mkoa wenye watu karibu milioni 2.5 una timu ya Ligi Kuu, una uwanja, na una watu wanaojua kushangilia mpaka sauti ikauke.

Baiskeli nayo Kigoma siyo ya maonyesho. Ni ya kubebea madumu ya mawese, ndoo za dagaa, magunia ya mkaa, na mtoto wa shule kwenye keria. Nyumba nyingi ama ina baiskeli ama inajua jirani wa kumwazima. Na Septemba 2025 majirani zetu wa Kigali waliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Tadej Pogačar alishinda mbio kubwa za wanaume kwenye vilima vilevile ambavyo mtu wa kawaida anavipanda na mzigo wa ndizi. Ukanda huu hauhitaji kufundishwa baiskeli.

Kwa hiyo pendekezo ni hili. Siku moja ya Jumapili, kabla jua halijawa kali, familia zikusanyike Buzebazeba. Baba na baiskeli yake, mama na yake, binti mkubwa kambeba mdogo wake kwenye keria. Wateremke Ujiji, wapite kwenye mnara wa kumbukumbu ya Livingstone, pale ambapo Stanley alimkuta mwaka 1871, kisha wageuze kurudi na kumalizia uwanjani mechi ikikaribia kuanza. Njia yenyewe haihitaji misuli ya Pogačar, kutoka Kigoma mjini mpaka Ujiji hakuzidi kilomita kumi. Mzee asiyeweza kupanda akae kwenye kona na pampu na viraka vya pancha, huo nao ni mchango.

Kiingilio kiwe cha familia, siyo cha mtu. Tuseme Sh10,000. Familia 300 zikijitokeza ni Sh3 milioni. Ukinunua oksimita mbili kwa bei ile ya Sh625,000 umetumia Sh1.25 milioni. Imebaki Sh1.75 milioni, na hiyo iliyobaki ndiyo pesa ya muhimu kuliko zote. Nitaeleza.

KIPIMO BILA NAULI NI SARE

Chukulia nesi kapima, namba ikasoma 86. Kengele imelia. Halafu?

Hapo safari ndiyo inaanza. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, inaweza kumpokea mtoto, kumpa oksijeni na kumwangalia. Akihitaji kuonwa na bingwa wa moyo wa watoto, tunazungumzia rufaa ya Bugando, Mwanza, au JKCI, Dar es Salaam. Reli ya Kati, ile ambayo Wajerumani waliifikisha ziwani mwaka 1914, ina kama kilomita 1,250 kutoka Dar mpaka hapa. Kwa mtoto wa siku mbili anayeishi kwa mchepuko, huo ni umbali wa kuogopesha.

Ipo dawa inayoweza kuuweka mchepuko wazi mtoto akiwa safarini, lakini lazima iwepo, na lazima mtu ajue kuitumia. Anahitaji oksijeni njiani, nesi wa kumsindikiza, nauli ya mama, na pa kulala mama akifika mji asioujua. Baba anauza mbuzi, anakopa, anapiga simu kwa ndugu wa Dar. Wakati mwingine pesa inapatikana siku ambayo haihitajiki tena.

Ndiyo maana msafara ukinunua kifaa halafu ukapiga picha na kwenda nyumbani, utakuwa umetoa sare mechi ambayo ulikuwa unashinda. Sehemu ya pesa iende kwenye sensa za akiba. Sehemu iende kwenye mafunzo ya manesi na wakunga, wa zamu ya mchana na ya usiku, kwa sababu watoto hawachagui zamu. Na sehemu kubwa ibaki kama mfuko wa rufaa, ambao daktari akisema mtoto aondoke leo, unafunguka leo.

Tanzania imeshajenga upande wa pili wa safari hiyo. JKCI ilianzishwa kama taasisi inayojitegemea mwaka 2015, na watoto wanapasuliwa moyo hapo Muhimbili badala ya wote kusubiri ndege ya India. Madaktari wake hutoka pia kwenda mikoani kwa huduma ya mkoba. Profesa Mohamed Janabi, aliyeiongoza taasisi hiyo, mwaka 2025 alichaguliwa kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika. Mabingwa tunao. Kinachokosekana ni pasi ya kutoka wodi ya wazazi kuwafikia.

MAPATO YA MLANGONI

Mashabiki wa soka tuna ugonjwa mmoja mzuri: tunauliza mapato. Mechi ikiisha tunataka kujua waliingia wangapi na zimepatikana ngapi, na uwanja ukijaa halafu hesabu ikawa ndogo, hapakaliki.

Ugonjwa huo uhamie kwenye msafara. Kabla ya siku yenyewe, uongozi wa hospitali useme kifaa gani kinafaa, kwa sababu kununua kidude cha rangi nzuri kisicho na sensa ya kichanga ni kutupa pesa. Waganga wakuu wa manispaa na mkoa wahusishwe mapema ili kifaa kiingie kwenye utaratibu, kiwe na mtu wa kukitunza na daftari la kuandika. Baada ya msafara, hesabu ibandikwe ukutani ofisi ya kata: imeingia kiasi gani, kimenunuliwa nini, kimebaki kiasi gani kwenye mfuko.

Kisha baada ya mwaka, watu waambiwe matokeo. Wamepimwa watoto wangapi, wangapi walirudiwa, wangapi walipewa rufaa, wangapi walifika. Bila majina, maana ugonjwa wa mtoto ni siri ya familia yake. Hizo ndizo takwimu zitakazowafanya watu watoke tena mwaka unaofuata.

KIPA HADAKI ZOTE

Kigoma ndiyo iliyompa Tanzania Juma Kaseja, kipa ambaye mwaka 2003 aliisaidia Simba kuwavua Zamalek ubingwa wa Afrika kwa penalti, tena kwao Cairo. Lakini hata Kaseja alifungwa. Kipimo hiki nacho ni kipa, hakidaki zote.

Tundu la kawaida kwenye moyo linaweza kupita bila oksimita kuliona, kwa sababu mara nyingi halishushi oksijeni siku za mwanzo. Kubanwa kwa mshipa mkuu nako huweza kuponyoka. Na ipo kasoro ya kifaa chenyewe ambayo sisi inatuhusu zaidi: tafiti zimeonyesha kwamba oksimita huweza kusoma juu kuliko hali halisi kwa watu wenye ngozi nyeusi. Kwa hiyo namba nzuri isimfanye mtu alale usingizi.

Mzazi abaki kuwa beki wa mwisho. Mtoto akiwa na ulimi au midomo ya rangi ya bluu, akitoka jasho jingi wakati ananyonya, akipumua haraka hata akiwa amelala, akichoka na kuachia ziwa kila mara, au uzito ukigoma kupanda kliniki, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Na mama asione aibu kumwambia nesi, "Dada, naomba mwangalie mtoto wangu moyo." Ni haki yake.

Klabu zetu zinatumia pesa nyingi kupima mioyo ya wachezaji watakaotuchezea msimu mmoja au miwili, na zinafanya sawa. Lakini straika wa Mashujaa wa mwaka 2045 anazaliwa wiki hii, labda Buzebazeba, labda Gungu, labda Kibirizi kando ya ziwa. Hatumjui jina. Kesho kutwa anafungashwa kwenye kanga na kupelekwa nyumbani kwa bodaboda. Kabla hajatoka getini, kuna dakika chache za kumvalisha sensa mkono wa kulia na mguuni, kusoma namba mbili na kuziandika kwenye kadi yake. Kuzilipia dakika hizo kunataka familia 300, baiskeli zenye upepo na asubuhi moja ya Jumapili.